Jeni ya Mti Uliokatwa

Kisu cha kubebesha miti hakilambwi. Ninaanza na hilo kwa sababu nyie vijana wa pepinyeri, yaani kitalu cha miche, ya parokia nimewaona mkikilamba ili kiteleze, na mate ya mtu yana uchafu ambao kidonda cha mti hakiutaki. Futa kisu kwa kitambaa chenye pombe kali. Pombe yenyewe usiinywe. Mwenzetu mmoja aliinywa asubuhi, akakata kidole badala ya tawi, na badala ya kumhurumia tukamwambia akifunge vizuri, labda kitazaa machungwa.

Shule yangu iliishia chini sana, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka. Kuandika kwangu ni kama kutembea kwangu: ninafika, lakini ninapitia kwanza kwa watu.

Kazi yangu ilikuwa kulea miche kwenye pepinyeri ya kampuni, hapa Kolwezi, tangu ndevu zilipoota hadi nilipofukuzwa. Tulitoa miti ya matunda kwa nyumba za wafanyakazi na maua kwa bustani za wakubwa. Baba yangu aliletwa toka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba. Mimi nimezaliwa hapa, nimekula bukari, yaani ugali, ya hapa, na mke wangu Leoni vilevile. Hilo la Kasai nitalirudia, ingawa silipendi.

Kubebesha, sisi tulisema kugrefe. Unachukua shina changa la ndimu kali, lile lenye miiba, lisiloogopa ugonjwa wa mizizi. Unachana ganda lake kwa mfano wa herufi T. Kisha unatoa jicho kwenye tawi la mchungwa mtamu, yaani kile kichipukizi kidogo kilicholala juu ya kikonyo cha jani. Jani unalikata, kikonyo unakiacha. Unapenyeza jicho chini ya ganda, kama unavyoingiza barua kwenye bahasha, halafu unafunga na kamba ya rafia. Jicho la mmoja, mizizi ya mwingine. Nani aliwaza hivyo mara ya kwanza sijui, lakini hakuwa mtu wa haraka.

Injinia wetu wa kilimo alikuwa Mama Odile, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, anayetembea na kofia ya mkeka hata ofisini. Siku moja alisimama nyuma yangu nikiwa nimetoka kuchana shina, akasema, nusu Kifaransa nusu Kiswahili chetu, na “mais” yake ni “lakini”:

“Mukendi, unaona muti huu? Hauna macho, haulie, mais ukiukata unayua. Homoni zinakusanyika pale pa kidonda, na jeni zinaamuka.”

“Ndiyo, Mama,” nikasema.

Hiyo “ndiyo” yangu nilikuwa nimeikosea kabisa, na wala sikujua.

Kwetu jeni ni haya, ni aibu. Neno tulilichukua kwenye Kifaransa, tukalizoea. Mtu akiomba chakula kwa jirani kila siku tunasema, “Ule hana jeni.” Binti akiulizwa habari ya mchumba wake anatazama chini, anasema, “Niko na jeni.” Kwa hiyo Mama Odile aliposema mti ukikatwa jeni zake zinaamka, mimi nilisikia kwamba mti ukikatwa unaona haya. Sikuona ajabu yoyote. Umechanwa ngozi mchana kweupe, mtu mzima amekuinamia, wengine wanapita na matoroli, kwa nini usione haya?

Basi nikaweka sheria. Mche uliotoka kukatwa usiuache wazi, ufunge upesi, uuvute kivulini. Usicheke karibu yake. Usiuelekezee kidole. Nilimfundisha hivyo Muteba, aliyekuwa akifanya kazi chini yangu, mtu wa huku huku Katanga, tayari na mke na ndevu zake. Alikuwa mnene, anacheka mpaka machozi, na ilimpasa kwenda kuchekea kwenye mifuko ya mbolea.

“Tata Mukendi,” alinambia mara moja, “kama muti uko na jeni, siku ya kuvuna tutaupatia suruali?”

“Utaupatia yako. Itatosha miti yote.”

Siku moja mkubwa mmoja wa kampuni alikuja kutembelea. Alitukuta tumesimama tumeipa migongo miche mia moja, kimya, kama watu walio kwenye maziko. Akauliza kuna nini. Muteba akamjibu kwa adabu, “Patron, inavaa.” Yule mkubwa alitikisa kichwa, akaenda zake.

Sasa angalieni: miche yetu ilishika kuliko ya zamani. Kivuli kilizuia jicho lisikauke. Kwa kuwa hakuna aliyepita karibu, hakuna aliyeitikisa. Ujinga wangu ulizaa machungwa. Msijifunze kutoka hapo kwamba ujinga ni mbolea. Nilibahatika tu.

Mama Odile alituonyesha jambo lingine, la nyanya. Alichukua koleo ya chuma, akabana majani ya chini ya mche mmoja mpaka yakapondeka. Mche wa pili hakuugusa. Kesho yake akaweka bilulu, yaani viwavi, kwenye majani ya juu ya yote miwili. Kwenye mche usioumizwa bilulu zilikula kama zimealikwa arusi. Kwenye ule uliobanwa zilionja, zikazungukazunguka, hazikunenepa.

“Jani la chini limeumia, limetuma neno,” alisema. “Majani ya juu hayakuguswa, mais yamesikia. Jeni zake zimeamuka, yanatengeneza kitu cha kuharibu tumbo ya kilulu.”

Nikawaza: ndivyo hasa. Mmoja akitukanwa, ukoo mzima unaona haya.

Bilulu. Hilo neno nalo nilikuwa nalo kinywani kila asubuhi. Nikipita kwenye mistari nikageuza jani na kuona mayai chini yake, niliita, “Bilulu!” na Muteba alikuja na pompi ya dawa mgongoni. Mimi njo niliyemfundisha kuziona. Nilimwambia: kilulu hakikai mahali pa wazi, kinakaa chini ya jani, kinajifanya rangi ya jani, kinakula nyumba yake mwenyewe. Nilisema hayo kwa majivuno. Mtu hajui maneno yake yatatumwa wapi.

Halafu kampuni ikaanza kufa. Kwanza dawa ilikwisha, halafu kamba, halafu mishahara ikawa hadithi. Mama Odile alihamishwa, sikumuona tena. Tulibaki mimi na Muteba, tunagrefe kwa nyuzi tulizochomoa kwenye magunia, kwa sababu mikono iliyozoea kazi haijui kwamba kazi imekufa. Na kwenye mitaa watu wakaanza kusema shaba imekwisha kwa sababu ya wageni, na wageni ni sisi tuliotoka Kasai, hata sisi ambao Kasai hatukuijua kwa macho. Wakatupa jina. Mnalijua jina hilo? Bilulu.

Nilikuwa ninatoka sokoni na Leoni. Vijana waliokaa kwenye ukuta walinitambua kwa zile bote zangu za mpira za kazini, ambazo zilimwagikiwa rangi ya kijani tangu tulipopaka milango ya pepinyeri.

“Tata wa pompi,” mmoja akaita, “weye utajipuliza dawa lini?”

“Aanzie chini ya jani,” mwingine akasema, “njo kule banalalaka.”

Ndiko wanakolala: maneno yangu yaleyale. Muteba alikuwa amesimama kando yao, na nyanya kwenye mfuko. Hakucheka, hakusema. Alitazama bote zangu. Mimi pia nilizitazama, kama vile zina makosa. Leoni alinishika mkono, tukaenda, na kila neno lililonijia njiani lilikuwa chafu.

Wiki ileile tulitolewa kwenye nyumba. Sitaeleza namna gani; waliofanya wako hai, na batoto babo wanakuja kwenye pepinyeri hii. Nitasema tu nilichoacha: tuta zima la michungwa niliyotoka kuifunga, mvua zikielekea mwisho wake, saa nzuri kabisa ya ganda kufunguka. Na hapa msikilize, kwa sababu hii ni kazi. Kamba inasaidia kwanza, halafu inaua. Ukiifungua mapema jicho linakauka. Ukiiacha, shina linanenepa na kamba hainenepi. Chakula ambacho majani yanateremsha chini ya ganda kinakwama juu ya kamba, panavimba kama shingo yenye tezi, na chini mizizi inakufa njaa. Kuna siku ya kufungua. Siku hiyo ina alama yake, na alama hiyo Muteba hakuijua. Kila mara nilikuwa nikipita mimi mwenyewe, ninagusa, ninasema, “Fungua huu, ule acha.” Nilipenda aniulize. Fundi anapenda abaki na kitu kimoja cha kuulizwa.

Tukapelekwa ku gare, yaani stesheni, kungoja treni. Treni haikuja. Watu walilala kwenye saruji, kwenye reli, chini ya mabehewa mabovu. Wanawake walizungushiana vitenge ili mmoja aoge. Wanaume tulijifanya tunatazama mawingu. Watu wa mtaani, tuliosali nao kanisa moja, walikuja kutazama, wengine na maji na chakula, Mungu awalipe, wengine mikono mitupu. Mimi niliwaogopa wote sawasawa. Mtu aliyefukuzwa kwa kosa lake ana la kuwaza. Aliyefukuzwa bila kosa analitafuta kutwa nzima, na akilikosa anajionea haya yeye mzima: pua yake, jina lake, mama aliyemzaa.

Nilikuwa nimelala mchana, kichwa ndani ya kitenge cha Leoni, batoto betu wamenilalia ubavuni, niliposikia sauti ya Muteba.

“Ninatafuta Tata Mukendi wa pepinyeri,” alikuwa anauliza mtu baada ya mtu. “Fundi wa kugrefe. Hamumuyue?”

Sauti ilikaribia. Nikavuta kitenge kikafunika uso mpaka kidevuni.

“Mama Leoni,” akasema, amefika juu yetu. “Jambo, mama. Tata iko wapi?”

Leoni alinijua. Mumewe ni huyu aliyekataa kutoka hata kwenda kupokea uji.

“Hayuko, baba,” akasema. “Alienda kule mbele. Watu ni bengi.”

“Mama, nilikuya kwa sababu ya ile michungwa. Kamba. Tutafungua wakati kani? Nikifungua sasa itakufa? Sijue, mama. Yeye njo anayua.”

“Miye sijue bya miti, baba.”

“Basi akirudia umuambie.” Hakuondoka. Niliona kivuli chake kupitia kitenge, kipana, kimesimama. Akasema tena, polepole zaidi, kama mtu anayemsemesha kiziwi: “Kamba. Wakati kani. Neno moya tu.”

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni, limelala juu ya ulimi pamoja na vumbi. Kulisema ilinibidi nifunue uso wangu, na uso wangu ulikuwa haujaoshwa, na pembeni palikuwa na kopo la mkojo wa batoto, na yeye alikuwa amevaa shati safi. Nilikaa vile. Nilisikia akiweka kitu chini, akaaga. Ilikuwa mihogo ya kuchoma, kwenye mfuko. Leoni aliigawa. Sikula, lakini aibu nayo ina unafiki wake, kwani usiku ule nililamba karatasi ya mfuko ule.

Treni ikaja, ya mabehewa ya ng'ombe. Tulifika Mwene-Ditu, huko Kasai, tumekonda, na kule, kwa watu wetu, nilifungua mdomo kusalimu kwa Kiluba cha baba yangu na mwanamke muuza chumvi akacheka mpaka akaita wenzake: njooni msikie huyu wa Katanga anavyosema. Kolwezi nilikuwa kilulu toka Kasai, Kasai nikawa kituko toka Katanga. Niligrefe miembe ya watu kule miaka mingi. Nilifunga kamba nyingi, na kila siku ya kufungua niliona aibu mikononi, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa.

Tulirudi binti yetu alipopata kazi huku. Leoni amelala sasa kwenye makaburi ya hapa, ambapo hakuna aliyemwambia aondoke. Niliporudi, Kolwezi ilikuwa imegeuka. Kule Kasulo watu wanachimba kobalti ndani ya lupangu zao, yaani viwanja vya nyumba, na mizizi ya mti wa parachichi inaning'inia shimoni kama miguu ya mtu aliyekaa ukingoni. Pepinyeri yetu ya zamani ni gereji. Niliambiwa Muteba yuko hai, anakaa Dilala, hapa hapa mjini. Nilikaa miaka bila kwenda. Nilipita barabara nyingine.

Aliyenipeleka, bila kujua, ni mjukuu wangu Bijou, anayesoma kilimo huko Lubumbashi. Alikuja likizo, akanikuta ninafunga mlimao, nimeufunika gunia.

“Kambo, mbona unauficha?”

“Una jeni,” nikamwambia. “Mti ukikatwa jeni zake zinaamka.”

Akashangaa. “Kambo unayua bya bajeni? Nani alikufundisha?”

Nikafurahi, nikamweleza yote: mti unaona haya, majani ya nyanya yanaoneana haya, sheria ya kutocheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza taratibu, na mimi nawaelezea nyie kama nilivyoshika.

Ndani ya kila chembe ya mti kuna maagizo, mengi kuliko ya mapishi yote ya dunia. Agizo moja njo linaitwa jeni. Kwa Kifaransa yale maneno mawili yanasikika karibu sawa, la agizo na la haya, na mimi nilikamata lisilo lake. Maagizo mengi yamefungwa, hayasomwi kila siku. Kila moja lina kama mlinzi anayelikalia. Mti ukijeruhiwa, unatengeneza homoni, na moja ya homoni hizo ina undugu na harufu ya ua la yasmini. Homoni ikifika, mlinzi anaondolewa, agizo linasomwa, jani linaanza kupika dawa yake ya bilulu, hata jani lililo mbali na kidonda. Na kuna homoni nyingine, oksini, inateremka toka vichipukizi na majani machanga. Inapokuta njia imekatwa inarundikana pale, na kufungua maagizo mengine: chembe zilizokuwa zimestaafu kama mimi zinaanza tena kugawanyika, zinajaza ufa kwa nyama mpya, mpaka mifereji ya jicho na ya shina inakutana, na maji yanapita.

“Na haya?” nikauliza.

“Haya kani, Kambo? Hakuna haya. Muti ukikatwa unaingia kazini papo hapo.”

Alikuwa bado anacheka, akaniangalia, akaacha.

Nilikaa na gunia langu mkononi. Miaka yote nilidhani mimi na miti ile tulikuwa tumejificha pamoja, kila mmoja chini ya kitambaa chake. Kumbe yenyewe ilikuwa kazini, inaziba ufa, inangoja tu mtu aifungue. Aliyejificha nilikuwa mimi peke yangu.

Nilipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka Dilala. Muteba alikuwa ameketi nje, anaziba tairi la baiskeli. Amekonda; tumbo lile lote limeenda wapi sijui. Alinitazama kutoka chini kwenda juu, akianza na miguu.

“Bote zilikwisha?” akasema.

“Zilikwisha Mwene-Ditu.”

“Zilikuwa za nguvu. Rangi yake ya kijani haikutoka.” Akaweka tairi chini. “Ku gare zilitokea nje ya kitenge, Tata. Zote mbili.”

Nikatazama miguu yangu.

“Uliniona,” nikasema.

“Nilikuona toka mbali. Nilikuwa ninauliza batu ili ujitayarishe.”

“Kwa nini hukunifunua?”

“Nikufunue namna kani? Siku ya wale vijana ku ukuta nilikuwa pale. Nilinyamaza. Halafu nikuye nikufunue uso?” Akafuta mikono kwenye suruali. “Na miye nilikuwa na jeni.”

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Mchungwa ulikuwa mmoja. Ile mingine, alisema, ilinyongwa yote. Alingoja neno langu, kwani mdogo hafungui alichofunga mkubwa, na alipoona majani yanageuka njano alikata kamba kwa meno, akaokoa huo, akaja kuupanda hapa. Shingoni una pete, nene kama kidole gumba, ganda limemeza uzi wa gunia, ncha yake bado inatokeza. Juu ya pete umevimba. Juu zaidi una machungwa.

Niliweka mkono kwenye ile pete. Muteba alisimama nyuma yangu, kama zamani.

“Sasa niambie,” akasema. “Ile kamba. Tunafungua wakati kani?”

Nikamwambia. Chini ya jicho tunaacha kikonyo cha jani, sivyo? Unakigusa kwa ncha ya kidole. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, jicho limekufa. Kikidondoka chenyewe, shina limelipokea. Siku hiyo fungua.

“Kikidondoka, fungua,” Muteba akarudia. Akangoja. “Njo ile tu?”

“Njo ile tu.”

Akatikisa kichwa, hakucheka, hakukasirika. Kisha akaenda ndani, akaleta kiti cha pili, akakiweka mbele ya nyumba, upande wa barabara, mahali pikipiki na watu wote wa Dilala wanapita. Nikaketi. Nikavua kofia, nikanyoosha miguu yangu mbele.